Pikipiki Iliyoundwa Upya: Uliza Kwanza Uzito Umehamia Wapi

(Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya waendeshaji bodaboda, mafundi wa jua kali na wanafunzi wa ufundi mjini Meru. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuwepo.)

Najua kwa mtu wa bodaboda, saa moja ya kukaa kitini ni saa moja bila pesa. Sitawachelewesha.

Nimeombwa nizungumze juu ya pikipiki zinazoundwa upya: mitindo yake ni ipi, na mtindo mmoja unatofautianaje na mwingine. Mimi si fundi. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwauliza wanaojua, kisha kuwaeleza wengine kwa lugha nyepesi. Wanaojua wako hapa mbele yangu, wengine bado wana masizi mikononi. Nikikosea jina la kifaa, nirekebisheni.

Pikipiki zikitoka dukani zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Ukiwa Makutano, ukiwa Maua, ukivuka hadi Runyenjes au Embu mjini, ni zile zile: Boxer, TVS na wenzao, injini ya cc 100 hadi 150. Lakini ipe pikipiki mwezi mmoja mikononi mwa mwenyewe. Hii imeongezwa keria ya nondo, ile imefungwa sanduku la nyama, nyingine ina mwavuli, spika na taa za rangi tano. Basi tofauti iko wapi? Wengi watasema iko kwenye mapambo. Mimi nasema iko kwenye uzito. Kila mtindo, uwe wa hapa au wa ng'ambo, ni uamuzi kuhusu mahali uzito utakapokaa. Ukielewa hilo, utajua ni mtindo gani unakusaidia kazini na ni upi utakupeleka hospitali.

Mitindo ya wenzetu

Kuunda pikipiki upya hakukuanza kwetu. Tukitazama kidogo wenzetu walifanya nini, tutaona vizuri zaidi tunachofanya sisi.

Huko Marekani, hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana walianza kukata madigadi na kuondoa kila kitu ambacho pikipiki ingeweza kwenda bila hicho. Walitaka iwe nyepesi. Mtindo huo unaitwa bobber. Baada ya vita wakaenda mbali zaidi. Wakaikata fremu yenyewe, wakarefusha foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, wakapandisha usukani juu. Hiyo ndiyo chopper, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la kukata. Gurudumu la mbele limekwenda mbali, dereva ameketi chini na nyuma. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka inatulia. Kwenye kona kali, au katikati ya soko lenye watu, ni mzigo kuigeuza.

Uingereza walikwenda kinyume. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa London walikutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara, mmoja maarufu ukiitwa Ace Cafe. Walitaka kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Wakashusha usukani, wakarudisha nyuma mahali pa kukanyagia, wakaweka kiti cha mtu mmoja. Dereva analala juu ya tangi na uzito wake unaenda mbele. Huo ndio mtindo wa café racer. Unapita kwenye upepo vizuri, lakini safari ndefu inauma kiuno na viganja.

Halafu kuna scrambler, ya njia za matope na mawe: usukani mpana, tairi zenye meno makubwa, ekzosi iliyoinuliwa isigonge mawe wala kuingia maji, na springi ndefu. Hiyo jamaa zetu wa sehemu za majani chai wataielewa bila kufundishwa.

Mnaona? Bobber imeondoa uzito. Chopper imeusogeza nyuma, café racer imeupeleka mbele, scrambler imeuinua juu ya mawe. Rangi na urembo vinakuja baadaye.

Mitindo yetu

Sasa turudi nyumbani. Bodaboda ilianza na baiskeli kule Busia, watu wakivushwa kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, na jina likatokana na huo mpaka. Pikipiki zilifurika kwetu baada ya serikali kupunguza kodi kwa zile ndogo, mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo mafundi wetu wameunda mitindo ambayo haimo katika kitabu cha mtu yeyote. Mimi nahesabu minne.

Wa kwanza ni pikipiki ya abiria. Kiti kimejazwa sponji na kushonewa ngozi mpya, kuna chuma cha kushikilia nyuma, gadi ya mbele ya kukinga miguu, pengine na mwavuli. Kiti kikirefushwa kidogo ili abiria akae vizuri, hakuna neno. Kikirefushwa ili waingie watatu, huyo wa mwisho anakaa nyuma kabisa ya gurudumu, na hapo mambo yamebadilika.

Wa pili ni pikipiki ya shamba. Igembe hubeba miraa kutoka shambani hadi sokoni, na Mbeere hubeba muguka. Majani hayo hupoteza thamani haraka yakinyauka, kwa hivyo kila dakika ni pesa. Pande za Imenti ni ndizi, maziwa na majani chai. Pikipiki hii ina keria ndefu ya nondo au ya vyuma vya pembe, springi za nyuma zimekazwa au kuongezwa, na kamba za mpira haziachi fremu. Hii ndiyo pikipiki inayolisha kaunti hizi mbili. Mkulima aliye bondeni, ambako gari haliingii mvua ikinyesha, anaitegemea kuliko anavyonitegemea mimi au afisa yeyote.

Wa tatu ni pikipiki ya sanduku: nyama, mkate, mayai, vifurushi. Ile ya nyama haijiundii sheria zake. Chombo cha kubebea nyama lazima kikubaliwe na maafisa wanaohusika, kiwe kinafungika na kinaoshwa. Ukiona nyama imefungwa kwa gunia juu ya kiti, huo si mtindo, huo ni ugonjwa ulio safarini.

Wa nne ni pikipiki ya maonyesho. Imeazima mambo mengi kutoka kwa matatu: michoro, vibandiko, maneno kwenye matopeni, taa zinazometameta, muziki. Wazee huwakemea vijana kwa ajili yake. Mimi siikemei. Kijana anayeipaka rangi pikipiki yake na kuing'arisha kila asubuhi mara nyingi ndiye anayekagua pia tairi na cheni. Ninachouliza ni kama urembo umeingia mahali pa usalama.

Ubao wa kubembea

Hebu tuingie kwenye jambo lenyewe. Mnakumbuka ule ubao wa watoto wa kubembea, mmoja akishuka mwingine anapaa? Pikipiki yenye keria ndefu ni ubao huo, na ekseli ya gurudumu la nyuma ndiyo mhimili wake. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli, unakandamiza magurudumu yote mawili. Ukipita nyuma ya ekseli, unalikandamiza la nyuma na kuliinua la mbele. Ndiyo maana ukipanda mlima na gunia nyuma unahisi usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Gurudumu lisiloshika barabara halikati kona.

Tena kuna breki. Pikipiki ikifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hivyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuisimamisha. Sasa kama umeliinua gurudumu la mbele kwa mzigo, breki hiyo inashika nini? Unabaki na ya nyuma. Na ukiteremka mteremko mrefu, kama ile ya Nyambene au ya barabara ya Embu kuja Meru inapokata mabonde ya mito, breki za ngoma hupata joto hadi zinakataa kushika. Mnajua wenyewe ile harufu.

Ongeza mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwa saa ukafika 60, nguvu ambayo breki inapaswa kuizima haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na mzigo nao una hesabu yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, sawasawa na mtu mzima mwenye afya. Ikining'inia chini, miwili kila upande, pikipiki inatulia. Ikipangwa juu kama ghorofa, kila kona inataka kukulaza. Na mtungi uliojaa nusu ni mbaya kuliko uliojaa wote, kwa sababu maji yanacheza ndani na kuivuta pikipiki huku na huku.

Vipimo vitatu vya bure

Sikuja kuwaambia mng'oe keria. Mkifanya hivyo ndizi zitaozea shambani. Nimekuja na vipimo vitatu ambavyo havihitaji senti moja.

Kipimo cha kwanza ni cha usukani. Kabla ya kupakia, keti kwenye pikipiki, mwombe mwenzako ajaribu kuinua usukani, ahisi uzito wake. Sasa pakia mzigo wako wa kawaida, arudie. Kama ule uzito wa mbele umeisha na usukani unainuka bila jasho, mzigo umekaa nyuma mno. Usogeze mbele, uushushe, au uupunguze. Fundi naye afanye kipimo hicho kabla ya kumkabidhi mteja keria mpya.

Kipimo cha pili ni cha ukuta. Usiku, simamisha pikipiki hatua tano au sita kutoka ukutani, washa taa, weka alama ya chaki mahali mwanga unapogonga. Pakia mzigo, ukae, utazame tena. Nyuma ikishuka, taa inapanda. Utakuta mwanga unamulika majani ya miti na macho ya anayekuja mbele yako, huku shimo lililo chini ya gurudumu ukiwa huoni. Taa inarekebishwa, ni kazi ya dakika chache.

Kipimo cha tatu ni cha macho ya wengine. Simama nyuma ya pikipiki iliyopakiwa. Je, taa ya breki inaonekana? Taa za kuonyesha unakogeuka zinaonekana? Namba inasomeka? Mara nyingi gunia limefunika vyote vitatu. Dereva wa lori aliye nyuma yako haoni pikipiki, anaona gunia linaloelea. Kama mzigo unafunika, hamisha taa na namba kwenye ncha ya keria. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi.

Kuhusu mapambo nitasema machache. Taa nyingi zikiunganishwa ovyo hula betri na huchoma nyaya. Taa za rangi zinazowaka nyuma huwachanganya wenzako wasijue kama umefunga breki. Spika ikizidi, husikii honi ya basi. Mwavuli nao hukamata upepo, hasa lori kubwa likikupita. Wanaoishi upande wa Timau wanajua upepo ni nini.

Na ekzosi iliyotobolewa? Nimesikia hoja kwamba kelele huokoa maisha, kwamba wenye magari watakusikia. Lakini ekzosi inaelekea nyuma, na hatari yako kubwa inatoka mbele na pembeni. Anayekusikia vizuri ni mgonjwa aliyelala wadi na mtoto aliye kwenye mtihani. Nchi yetu ina kanuni za kelele tangu 2009, na zinaihusu pikipiki pia.

Neno kwa mafundi

Mafundi, hili ni lenu. Mwaka wa 1969 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Easy Rider. Pikipiki mbili za chopper zilizoonekana humo zilikuja kuwa miongoni mwa pikipiki maarufu zaidi duniani. Walioziunda ni Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wote wawili, na majina yao hayakuandikwa kwenye filamu hiyo. Ilipita miaka mingi kabla ya watu wengi kuwajua.

Nawaambia hivyo kwa sababu fundi wa jua kali naye hana jina. Keria yake inazunguka kaunti nzima na hakuna anayejua ni ya nani. Ikiwa nzuri, hapati sifa. Ikikatika, hapatikani. Ombi langu ni dogo: andika jina lako. Gonga alama yako kwenye chuma, mpe mteja risiti inayosema umefanya nini, na uweke daftari. Mtu akiweka jina lake kwenye kazi, mkono wake hutulia.

Na kuna mambo ambayo mwenye jina hakubali kuyafanya. Hakati fremu ili kurefusha kiti. Hachomelei foki wala mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa sababu joto hubadilisha nguvu ya chuma, na ufa huanzia pale pale. Hachomelei karibu na tangi lenye petroli. Anafungua nyaya za betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Hatoboi fremu, anafunga keria kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwepo. Na ncha za nondo anazikunja au kuzifunika, maana ncha hizo zimewachana miguu watoto wanaotembea kando ya barabara.

Mwenye ujuzi lakini hana karatasi asikate tamaa. NITA hutoa mitihani ya ufundi kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na haiulizi kwanza kama ulifika sekondari. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, kwa hivyo uliza ofisi ya wadi yako kilicho karibu nawe ni kipi.

Sheria kwa ufupi

Wengine hufikiri kaunti ndiyo inayotoa leseni za pikipiki. Katiba ya 2010 ilitupa barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma ndani ya kaunti. Usajili wa pikipiki na leseni ya dereva ni kazi ya NTSA. Dereva wa bodaboda anatakiwa kuwa na leseni ya daraja la A3. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa imara nyuma ya dereva. Sheria inataka pia helmeti na jaketi la kuakisi mwanga kwa dereva na kwa abiria. Ukibadilisha injini au rangi, maelezo ya usajili nayo yabadilishwe, la sivyo siku pikipiki ikiibwa utashindwa kuthibitisha ni yako. Na usome masharti ya bima yako kabla ya kuunda pikipiki upya. Usiyasome kwa mara ya kwanza baada ya ajali.

Mafundi, nawaachia swali. Mnaunganisha keria, mnaunganisha spika. Mbona mahali pa kutundikia helmeti ya abiria ni nadra sana kuonekana? Helmeti ya pili ikikosa mahali pake, inaachwa nyumbani. Ndoano moja ya chuma yenye kufuli inatosha. Ningependa huo uwe mtindo wa Meru, na ndugu zetu wa Embu waje kutuiga.

Ninaowakumbuka katika kazi yangu si wale wa mwendo wa kasi peke yao. Takwimu za NTSA kila mwaka huonyesha kwamba watu wa pikipiki, dereva na abiria, ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi barabarani, pamoja na watembea kwa miguu. Hao ni mama aliyekuwa akienda kliniki, mwanafunzi aliyechelewa, na kijana aliyekuwa akimalizia mkopo wa hiyo pikipiki. Pikipiki ile ilikuwa shamba lake, duka lake na karo ya wadogo zake.

Kwa hivyo wanawake kwa wanaume, mnaopanda na mnaoendesha, kesho asubuhi kwenye steji itazameni pikipiki kabla ya safari ya kwanza. Msitazame rangi. Ulizeni uzito umehamia wapi, na kama breki, taa na tairi zimeufuata huko ulikohamia. Abiria ana haki ya kuuliza pia. Dereva asikasirike akiulizwa, maana wote wawili wanataka kufika.

Kwenye maswali, nitawaachia mafundi wajibu, kwa sababu wao ndio wanaojua. Mungu awabariki, na mfike salama.